Fundi Taratibu na Gurudumu Lililo Njiani

Jambo la kwanza ambalo mpwa wake, anayesoma wasifu huu mbele yenu, alilitambua kwa marehemu ni sikio lake. Mpwa alikuwa na umri wa miaka saba, ameletwa na begi lake kuja kuishi kwa mjomba ili awe karibu na shule. Alipoingia sebuleni alimkuta mjomba ameegemeza sikio kwenye mlango wa stoo, macho ameyafumba, kidole kimoja amekiinua ili watu wote wanyamaze. Ndani ya stoo hakukuwa na mtu.

"Kuna nani humo, Mjomba?"

"Kuna mtu anakula mlango wetu," alijibu bila kufumbua macho. "Anakula taratibu. Huyu ana akili."

Alikuwa bungua, yule mdudu atobaye mbao na kuacha unga mweupe sakafuni. Marehemu aliweza kumsikia kabla unga haujaanza kudondoka. Kila chombo cha mbao kilichoingia nyumbani kwake, kuanzia kitanda hadi mwiko, kilitegewa sikio kwanza. Watoto walicheka, nao wakati wa kulala walijikuta wakisikiliza pia, maana ukishaambiwa kwamba kuna kitu kinaliwa polepole ndani ya nyumba, ni vigumu kusinzia kama zamani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni. Baba yake alikuwa mpiga kengele wa stesheni, na mama yake alifua nguo za wafanyakazi wa reli. Baba alipiga kengele kwa kufuata saa kubwa ya ukutani, na mji mzima ukapika, ukafungua maduka na ukavunja maongezi kwa kufuata kengele ya baba. Inasimuliwa na dada zake kwamba akiwa mdogo, hata shule hajaanza, marehemu alimwuliza baba yake: "Wewe unaambiwa na saa. Saa inaambiwa na nani?" Baba akamwambia akalale. Dada zake wanasema hakulala. Alibaki ameketi kitandani, sikio ukutani, upande ule ilikokuwa stesheni.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kuimaliza mwaka 1971. Hakuwa mwanafunzi wa kunyoosha mkono. Mwalimu wa hesabu alimwuliza siku moja robo mbili ni sawa na nini, naye akasimama kimya mpaka kengele ikalia na darasa likatoka. Kesho yake asubuhi, majina yalipokuwa yakiitwa, badala ya kusema "nipo" alisema, "Nusu, mwalimu." Darasa likaangua kicheko, na mwalimu naye akashindwa kujizuia. "Jamani, mwacheni," alisema, "huyu anakuja, ila anakuja taratibu." Hapo ndipo lilipopatikana jina la Taratibu, na alilibeba hadi mwisho bila kulalamika. Wapo waombolezaji hapa leo ambao hawajui kwamba alikuwa na jina jingine.

Kuanzia mwaka 1972 hadi 1974 alisoma useremala katika chuo cha ufundi, na Januari 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha kusubu vyuma, yaani kuyeyusha chuma na kukimimina. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vielelezo. Kwa wasioijua kazi hiyo: kabla chuma hakijamiminwa kuwa gurudumu au bomba, fundi hukichonga kitu kile kile kwa mbao. Mbao hushindiliwa ndani ya mchanga, huacha umbo lake, kisha huondolewa, na chuma kilichoyeyuka humiminwa palepale ilipokuwa. Chuma kikipoa kinakwenda kufanya kazi duniani. Mbao inarudi rafuni.

Jambo moja la kazi hiyo linahitaji kuelezwa, kwa sababu litarudi mbele. Chuma kikipoa hunywea. Ukichonga kielelezo kwa kipimo kamili, utapata chuma kidogo kuliko ulichotaka. Kwa hiyo mafundi wa vielelezo wana rula yao maalumu, rula ya kunywea, ambayo ukiitazama ni kama rula zote, lakini kila sentimita yake imezidishwa kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni. Marehemu aliitumia rula hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini. Kila alichokipima katika ujana na utu uzima wake alikipima kikiwa kikubwa kuliko kitakavyobaki. Rafiki yake wa kiwandani, msubuji ambaye wote tunamwita Moto, alikuwa akimtania: "Wewe Taratibu hujawahi kuona kitu kwa ukubwa wake halisi."

"Nimeviona kabla havijapoa," alijibu marehemu. Alijibu siku hiyo hiyo, na Moto anasema kwa jibu hilo tu alijua jamaa amekuwa akilifikiria jambo hilo tangu zamani.

Ndoa yake nayo ilikuja kwa mwendo huo. Mwaka 1983 alipelekewa meza ya cherehani iliyovunjika mguu, mali ya mshonaji kijana aliyekodi chumba kimoja mtaa wa nyuma. Aliitengeneza akairudisha. Baada ya hapo alianza kufika kila Jumamosi. Alipiga hodi, akaambiwa karibu, akasimama kizingitini na kofia mkononi.

"Nina neno la kukuambia," alisema.

"Haya, liseme."

Alirudisha kofia kichwani, akaaga, akaondoka. Jumamosi iliyofuata ilikuwa vivyo hivyo, na nyingine, na nyingine. Wateja wa yule mshonaji walianza kuja Jumamosi makusudi ili waone. "Shoga, huyo neno lake analikausha kama mbao," walimwambia. Mshonaji mwenyewe, ambaye leo ndiye mjane wetu na mtaani anajulikana kama Mama Sindano, anasema mwanzoni alicheka, kisha akakasirika, kisha akaanza kuogopa Jumamosi ambayo hodi haitapigwa. Zilipita mvua mbili. Hatimaye mtu yule alisimama kizingitini, akasema, "Nina neno la kukuambia," na kabla hajafungiwa mlango akaongeza: "Meza ya kulia chakula imekwisha. Ni ya watu wawili."

Walifunga ndoa tarehe 22 Juni 1985. Meza hiyo ndiyo waliyolia chakula miaka yote. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume ambaye ni fundi wa friji, na wa kike ambaye ni mwalimu.

Marehemu alistaafu Machi 2017. Alipewa mkono wa kwaheri na ruhusa ya kuchukua kielelezo kimoja rafuni kama kumbukumbu. Alisimama mbele ya rafu zile, anasema Moto, kama mtu aliyeambiwa achague mmoja wa watoto wake. Magurudumu ya mbao yalikuwa yamejipanga hadi darini, yana meno, yana vumbi, na hakuna hata moja lililowahi kuzunguka. Alitoka mikono mitupu, isipokuwa rula yake mfukoni. Alipofika nyumbani alimwambia mkewe kwamba anataka kutengeneza saa, saa ya mbao tupu, meno na mikono na uso, bila msumari wa chuma, ili mbao nayo ifanye kazi angalau mara moja.

Alianza na makaratasi magumu ya maboksi ya viatu. Alikata magurudumu kwa mkasi wa mkewe (jambo lililozua ugomvi wa haki kabisa, kwani mkasi wa kitambaa haukati karatasi), akayachomeka kwa pini juu ya ubao, akawa anayasukuma kwa kidole ili aone nani anamsukuma nani. Kamba yenye uzito huvuta gurudumu la kwanza, la kwanza hulisukuma la pili, na kadhalika hadi la mwisho, ambalo lingekimbia hovyo kama lisingezuiwa. Kipande kinacholizuia ni kidogo, kina kucha mbili, na huyumba pamoja na pendulamu. Huruhusu jino moja lipite, hufunga, huruhusu jingine. Marehemu alikiita bawabu. "Shida yote ya saa ni bawabu," alikuwa akisema. "Akilala, muda unapita wote mara moja. Akiwa mkali, haupiti kabisa."

Saa ya kwanza ya mbao ilikamilika mwaka 2018, naye akaipa jina la Kifungua Mimba. Mwanawe mkubwa alikuja juu: "Baba, kifungua mimba ni mimi!"

"Wewe ulitoka unapiga kelele," alimjibu. "Huyu hata kelele hana."

Kweli hakuwa nayo. Saa haikutikisika. Meno yaling'ang'aniana kama watu wanaogombana mlangoni. Marehemu aliifungua, akaifunga, akapiga msasa, akapaka unga wa penseli kwenye meno ili yateleze, kwa sababu mafuta huvimbisha mbao. Wapi. Mkewe ndiye aliyeitambua kasoro, akiwa amesimama tu na futi yake ya ushonaji shingoni. Alipima gurudumu, akapima nafasi kati ya vijiti vinavyolishika, akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

"Mzee wangu, umeacha nafasi ya mshono!"

Marehemu alikuwa amechora magurudumu kwa rula ya kunywea, na nafasi zake amezipima kwa rula ya kawaida. Mkono ulikuwa umezoea miaka yote hiyo. Ulikwenda mfukoni wenyewe. Alikuwa ametengeneza magurudumu ya chuma ambacho hakitamiminwa kamwe, na yalikuwa yakisubiri kupoa ili yatoshe. Alicheka pamoja na mkewe, lakini mpwa anakumbuka kwamba baada ya kicheko aliitundika ile rula kwenye msumari juu ya meza yake ya kazi. "Kaa hapo," aliiambia. "Siku yako itakuja."

Wa pili katika saa hizo alifanya kazi vizuri hadi mvua ziliponyesha. Mbao hunywa hewa yenye maji na kutanuka upande mmoja tu, kwa hiyo magurudumu yake ya duara yakawa ya yai, na saa ikagoma mpaka jua liliporudi. Aliitwa Mvivu. Kutokana naye marehemu alijifunza kubandika kwa gundi mbao nyembamba tatu tatu, nyuzi zikipishana, ili kila moja imzuie mwenzake kutanuka. Wa tatu hakujali mvua, ila alikwenda mbio kuliko dunia; huyo aliitwa Kiherehere, na tiba yake ilikuwa kurefusha pendulamu. Kila mmoja alipoanza kutembea, marehemu aliegemeza sikio ubavuni mwake akasikiliza, kisha akatangaza: "Mdogo wake yuko njiani."

Wa nne aliitwa Hodi, na ndipo mambo yalipobadilika nyumbani.

Hodi alishika muda barabara, lakini bawabu wake alichongwa kwa mbao ngumu, na kila jino lililopita lilisikika kama vidole vinavyogonga mlango. Sauti ilikuwa ile ile, ya mtu mwenye adabu asiye na haraka. Wageni walikatiza maongezi wakasema, "Kuna mtu nje." Mama Sindano, akiwa jikoni, aliitika "Karibu!" mara kadhaa kila siku, akafuta mikono, akaenda kufungua, akakuta ua mtupu. Baada ya muda aliacha kuitika. Baada ya muda zaidi alianza kusema hapendi.

"Mtu anayepiga hodi siku nzima bila kuingia, mimi namwogopa," alimwambia mumewe. "Mwambie aingie au aende."

Marehemu alivika kucha za bawabu vipande vidogo vya ngozi, na sauti ikafa. Kisha akaanza kujenga kabati la kuiwekea saa, kabati refu, jembamba, la mbao nyeusi, lenye mfuniko. Alilisimamisha uani likauke. Jirani mmoja muuza mkaa alilichungulia juu ya ukuta, na muda si mrefu akabisha hodi, safari hii akiwa mtu wa kweli, amejifunga khanga kichwani na machozi yako tayari.

"Poleni jamani. Hata hamkutuambia."

"Pole ya nini?" aliuliza Mama Sindano.

"Si nimeliona jeneza?"

Marehemu alicheka. Wote tulicheka, na jirani mwenyewe alicheka akijifuta machozi. Lakini marehemu hakuacha. Kicheko chake kiligeuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kukatika. Aliinama akishika kabati lile kwa mikono miwili, na kicheko chetu kikapungua kimoja kimoja mpaka akabaki yeye peke yake akikohoa uani. Hiyo ilikuwa Novemba 2021. Ndipo tulipoanza kukisikia kikohozi kile, na hatukuacha tena kukisikia.

Mwezi Februari 2022 alipelekwa hospitali. Daktari, dada mpole, aliweka chombo chake cha kusikilizia kifuani, akasikiliza kwa makini, macho ameyafumba. Marehemu alimtazama kwa heshima, kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake.

"Ni bungua?" aliuliza.

"Si bungua, mzee. Ni vumbi." Alieleza kwamba vumbi la mchanga wa kiwandani, lililokusanywa kwa miaka mingi, limeyafanya mapafu kuwa magumu, na kwamba ugumu huo huendelea taratibu. Marehemu alilisikia jina lake mwishoni mwa sentensi hiyo akaitikia kwa kichwa, kana kwamba ameitwa.

Aliporudi nyumbani alianza kunywea. Mkewe alipunguza suruali zake kiunoni, baada ya miezi akazipunguza tena, na kila mara alikikunja kitambaa kwa ndani bila kukikata, ili siku akinenepa kiachiwe. "Ungejipima kwa ile rula yako mapema," alimtania, pini zikiwa mdomoni. Marehemu alisema ni kweli, hilo lilimpita.

Katika kipindi hicho Mama Sindano alijiwekea jambo moyoni ambalo hakumwambia mtu. Alikuwa ameona kwamba mumewe, kila alipokuwa na saa ambayo haijakamilika, aliamka, akanywa uji, akachukua patasi. Kwa hiyo akaamua kwamba hakuna saa itakayokamilika. Wa tano alipoanza kutembea, safi, kimya, mzuri wa kutazamwa, alisimama mbele yake akakunja uso.

"Inachelewa."

"Redio inasema iko sawa."

"Redio nayo inachelewa."

"Kwa hiyo ulimwengu mzima unachelewa?"

"Wote, isipokuwa mimi."

Marehemu alimtazama. Aliegemeza sikio kwenye saa, akasikiliza, na hapana shaka hakusikia kasoro yoyote. "Haya," alisema. "Mdogo wake yuko njiani." Na wa sita Mama Sindano alimwona ana uso mpana mno. Moto, aliyekuwa akija kusaidia kubeba mbao, alimvuta pembeni: "Shemeji, hiyo saa haina tatizo. Unamchosha mwenzako." Akamjibu: "Shemeji, kaa na moto wako. Mimi nashona." Pamoja na hayo alipiga marufuku neno moja nyumbani kote. Mtu yeyote asitamke kitinda mimba. Hata mpwa, aliyezoea kuitwa kitinda mimba wa nyumba, aliambiwa kuanzia sasa aitwe jina lake.

Septemba mwaka jana, 2024, daktari alimwambia marehemu mbele ya mkewe kwamba, kwa hali ilivyo, wahesabu mwaka mmoja hivi. Walirudi nyumbani. Wa saba alikuwa tayari amesimama ndani ya lile kabati jeusi, sebuleni, amebakiza mikono tu. Marehemu hakuifunga mikono hiyo. Alikaa mbele yake kwenye kigoda, kisha akainuka, akanyoosha mkono juu ya meza ya kazi, akaishusha rula ya kunywea kwenye msumari wake.

Alichora gurudumu moja jipya. Lilikuwa kubwa kuliko yote, lenye meno mengi na madogo, na alilichomeka nyuma kabisa, mahali ambapo saa haikuhitaji gurudumu. Lilisukumwa na mwenzake kidogo sana, kiasi kwamba ukilikazia macho huoni mwendo wowote. Unaondoka, unarudi baada ya siku chache, unakuta jino limehama. Ukingoni mwake alipachika kijiti kimoja. Mbele ya njia ya kijiti kile kuna kijumba cha mbao kilichozibwa kwa gundi pande zote, na uzi unaotoka ndani yake.

Mkewe alikuwa akishona. Aliuliza bila kuinua macho, "Hilo la nini?"

"Nina neno la kukuambia," alisema marehemu.

Mashine ilisimama.

"Liseme sasa."

"Kijiti kikifika kwenye uzi, utalisikia. Usifungue kabla."

"Na huyu," Mama Sindano aliuliza taratibu, "mdogo wake yuko njiani?"

Marehemu aliegemeza sikio kwenye kabati. "Huyu ni kitinda mimba," alisema. Mama Sindano akarudi kwenye cherehani, akashona mshono ule ule mara mbili.

Mwaka uliofuata ulikuwa mrefu na ulikuwa mfupi. Familia nzima tuliishi na gurudumu lile mgongoni. Hakuna aliyelitaja, lakini kila aliyepita sebuleni alitupa jicho nyuma ya kabati. Tulijua wote, au tulidhani tunajua, kijiti kile kinatembea kuelekea nini. Mama Sindano alifuta vumbi juu ya kabati, pembeni, kila mahali, isipokuwa pale. Alimwomba Moto amwambie kama kuna njia ya kulichelewesha bila mwenyewe kujua. Moto alilichunguza, akarudi. Alisema kwenye tundu la uzi ameona ncha ya nyundo ndogo ya mbao ngumu, isiyo na ngozi. Na kwamba uzi mwingine, mwembamba zaidi, unatoka kijumbani hadi kwa bawabu. "Likifika, kitu kitagonga, shemeji. Halafu bawabu atainuliwa. Atakaa juu au atarudi chini, hapo mimi sijui. Akikaa juu, uzito wote unaanguka kwa mara moja na saa imekwisha."

Mwezi wa Agosti marehemu hakuweza tena kulala chali. Aliwekewa mito akakaa akiitazama saa, na mkewe akakaa akimsikiliza. Kijiti kilikuwa kimekaribia uzi kiasi cha kupitisha vidole vichache. Mama Sindano anasema aliacha kulitazama gurudumu. Alitazama kifua tu, na kila kilipopanda alikuwa kama mtu aliyeshikilia kamba.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, alasiri, nyumbani kwake. Hakukuwa na sauti yoyote, wala mlio, wala nyundo. Mkewe alisubiri kusikia kishindo nyuma ya kabati, na kishindo hakikuja. Alipoinua macho, pendulamu ilikuwa ikiyumba vilevile. Kijiti kilikuwa hakijafika.

Jioni hiyo, watu walipokuwa wakipanga viti uani, mwanawe mkubwa alisimama mbele ya kabati na bisibisi mkononi. "Mama, niruhusu nifungue tu nione. Hatuwezi kukaa na kitu hatukijui, na msiba ndani."

"Weka bisibisi chini."

"Mama, Baba alikosea hesabu. Ameondoka kabla kijiti hakijafika."

Mjane aliinuka, akaenda hadi kwenye meza ya kazi, akarudi na rula mbili, ile ya kunywea na ile ya kawaida. Aliziweka bega kwa bega mikononi mwa mwanawe. Mwanzoni zinalingana. Ukifuata hadi mwisho, moja imeipita nyingine kwa unene wa ukucha.

"Hakukosea," alisema. "Daktari alisema mwaka. Baba yako akaukata kwa hii ya kunywea, ukazidi kidogo. Ameacha nafasi ya mshono." Kisha akaongeza, akikaa: "Alijua atanywea. Neno hili ni la kunifikia mimi, yeye akishapoa. Huwezi kumfungulia mtu mlango akiwa bado anavaa, hata hodi hajapiga."

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, dada wawili, mpwa mmoja aliyemlea kama wake, na rafiki yake Moto, ambaye ameomba atajwe pamoja na ndugu. Ameacha pia saa saba, na sita kati yake ziko mikononi mwenu mliokuwa majirani zake. Kama ya kwenu inachelewa, mjane anasema ilikuwa sawa siku zote. Mjomba, umefika. Pumzika taratibu.

Mwisho kuna ombi la familia. Moto amepima tena asubuhi ya leo, na kwa makadirio yake kijiti kitagusa uzi ndani ya wiki hii, pengine kesho, pengine kabla ya hapo. Tukirudi nyumbani kutoka hapa, tunaombwa tuvue viatu, tusibamize milango, na watoto wasikimbie sebuleni, pendulamu isije ikayumba vibaya. Mama Sindano ameweka kiti chake mbele ya kabati tangu Jumanne, na amevaa gauni alilolishona mwenyewe mwaka 1985, ambalo amelifungua mishono yote likamtosha. Ametuma neno moja tu lisomwe kwenu, na mpwa analisoma kama alivyolitamka:

"Mkisikia hodi, asiitike mtu. Nitaitika mwenyewe."